Kodi ya Shemeji Disemba

Sehemu ya Sita

Wiki hii wasomaji wawili wamenisimamisha njiani kuniuliza kama nyumba nimeipata. Sijaipata. Nalala ndani yake, naoga ndani yake, mlango nimeupaka rangi kwa mkono wangu mwenyewe, lakini sijaipata.

Kwa wewe unayenikuta leo, mimi ni fundi wa makochi. Shule niliiacha darasa la tano nikashika nyundo. Nilinunua nyumba ya kaka wa mke wangu, anayeishi ng'ambo huu mwaka wa kumi na tisa. Mtaani wanamwita Disemba, maana kila mwaka anasema atarudi Disemba. Niliuza karakana yangu na kiwanja kilichokuwa pembeni yake, nikamlipa shemeji pesa yote kwa mkupuo. Nikapeleka makaratasi ili hati ibadilishwe jina, na wiki iliyopita uliniacha dirishani, karani wa ardhi amenisukumia faili langu na kuniambia, "Mzee, hapa halipiti. Nenda kodi kwanza."

Nikaenda kodi Jumatatu.

Ofisi ya kodi ina viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa bomba la chuma, ili asiondoke navyo mtu. Nilikaa hapo tangu saa mbili mpaka saa tano, nikihesabu nyufa za ukuta. Zamu yangu ilipofika nilikutana na binti mwenye miwani, umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua faili, akasoma huku kidole kinatembea juu ya mistari.

"Aliyekuuzia ni nani wako?"

"Shemeji. Kaka wa mke wangu."

"Anaishi wapi?"

"Ng'ambo."

Kidole kikasimama.

"Ulizuia kiasi gani?"

"Kuzuia nini?"

"Kodi ya zuio, mzee wangu. Ukinunua nyumba kwa mtu asiyeishi hapa nchini, humpi pesa yote. Sehemu moja ya kumi unaizuia mkononi mwako, unatuletea sisi kwa jina lake. Inayobaki ndiyo unampa."

Nikacheka. Nilidhani amechanganya faili.

"Binti, mimi nimenunua. Sijauza. Aliyeshika pesa ni yeye, mimi nimeshika matofali."

"Najua."

"Sasa kodi ya pesa yake inanihusu nini?"

"Inakuhusu kwa sababu yeye hatumpati. Tukimwandikia barua anaitupa. Tukimpigia simu anabadilisha namba. Wewe tunakupata. Nyumba haina miguu."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akavuta pumzi. "Mzee, hapo umeshikwa pabaya," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

"Mimi sikuambiwa," nikasema.

Binti wa miwani akanitazama kidogo, kisha akafunua karatasi ya mwisho ya faili na kuigeuza ili niione.

"Hapo ndipo na mimi napata taabu, mzee wangu. Hili ni tamko la makazi ya muuzaji. Limeandikwa kwamba muuzaji ni mkazi wa hapa, anaishi nyumbani kwa mama yake mzazi. Mama amesaini. Chini yake kuna sahihi ya mnunuzi. Hii ni ya nani?"

Sahihi yangu haifanani na ya mtu mwingine. Imekaa kama msumari uliopinda.

"Yangu."

"Na sasa hivi umeniambia anaishi ng'ambo."

"Ndiyo."

"Na pesa ulimtumia kwenye benki ya wapi?"

"Ya huko huko."

Akaliweka faili chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Ngoja nikueleze. Kama ungekuwa umesahau tu kuzuia, ungelipa ile sehemu moja ya kumi kutoka mfukoni mwako na faini ndogo ya kuchelewa, basi. Lakini hapa kuna maneno ya uongo yenye sahihi. Kodi inakuwa mara mbili. Nyumba inafungiwa, haibadilishwi jina wala haiuzwi, mpaka mahakama iseme."

"Mahakama?"

"Mimi sijalipeleka bado. Mpaka Ijumaa faili liko mezani kwangu. Ijumaa mchana linapanda ghorofani. Likishapanda, mimi siwezi kulishusha."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Njoo na mama mkwe wako kabla ya hapo. Mtengue hili tamko, mseme ukweli. Nitaandika kwamba ni kosa limesahihishwa na wenyewe. Utalipa ile sehemu moja tu, kidogo kidogo hata kwa mwaka mzima, na jina litabadilishwa."

"Nikija peke yangu?"

"Haitoshi. Aliyesema anaishi kwake ni mama. Lazima atengue mwenyewe, kwa mdomo wake."

Nikainuka. Kama angeniambia nilipe mara tatu ila nimwache mama mkwe nyumbani, ningesema asante na kumpa mkono.

Sasa nitubu jambo moja kwenu wasomaji, kwa maana nimewaficha tangu sehemu ya pili.

Niliandika kwamba siku ya kusaini, wakili alimung'unya maneno, akatuharakisha, mimi sikuelewa. Si kweli. Wakili hakumung'unya. Ni mzee mmoja mtaratibu, anavaa saa mkono wa kulia, na kila kitu alikisema mara mbili.

Tulikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Yeye, mke wangu, wakili, na mimi. Wakili akauliza, "Muuzaji ni mkazi wa hapa au anaishi nje?"

Nikafungua mdomo kusema anaishi nje. Mama mkwe akanitangulia.

"Ni mkazi. Anaishi hapa kwangu."

"Mama, si nimeambiwa yuko ng'ambo?"

"Amesafiri. Hajahama."

"Miaka mingapi?"

"Hiyo anaijua mwenye safari."

Akainuka, akafungua mlango wa chumba cha pili. Kitanda kimetandikwa, pembe za shuka zimekunjwa chini ya godoro, chandarua kimefungwa fundo juu. Mama mkwe hubadilisha shuka za kitanda hicho kila Jumatano, na hakijalaliwa tangu Disemba aondoke. Wajukuu wanalala chini wakienda kumtembelea, lakini pale hawapandi. Sisi tumezoea. Wakili alikuwa anaona kwa mara ya kwanza, akavua miwani.

"Asiyeishi kwao ni aliyekufa," mama mkwe akasema. "Unataka niandike hivyo?"

Wakili akanigeukia mimi. Nayakumbuka maneno yake yote.

"Fundi, mnunuzi ni wewe. Kama shemeji yako anaishi nje, sheria inataka umkate sehemu moja ya kumi na uipeleke kodi. Ukisaini hapa, maana yake humkati, na likitokea la kutokea litakuwa lako. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Na nikajibu kwa sauti ambayo hata jirani angesikia, "Mimi simkati shemeji yangu hata senti moja."

Mama mkwe akanitazama. Msinicheke. Huyu mama alitaka binti yake aolewe na mwalimu. Miaka ishirini na miwili ananiita "fundi", kama mtu aliyekuja kurekebisha kitu na amechelewa kuondoka. Siku ile aliniwekea mkono begani, akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu."

Mwanangu. Nikachukua kalamu nikapindisha msumari wangu pale chini.

Hiyo ndiyo siri. Mke wangu alikuwepo, naye hajawahi kuisema.

Nilipotoka kodi nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikamwambia yote, neno kwa neno. Kisu hakikusimama.

"Mpigie kaka," akasema.

"Tumpigie wote."

Disemba alipokea baada ya mlio wa tano. Uso ulijaa kwenye kioo cha simu, ndevu zimeingia mvi kuliko mara ya mwisho.

"Shem langu. Nyumba haivuji?"

"Haivuji. Sikiliza." Nikamweleza.

"Aa, shem. Sasa si ungenikata tangu mwanzo? Mimi ningekataa?"

"Naomba basi unirudishie hiyo sehemu moja."

"Hiyo pesa haipo, shem. Iliingia shimoni siku ile ile. Huku mambo si kama mnavyodhani."

Mke wangu akaisogelea simu. "Kaka, tutafungiwa nyumba. Unaelewa? Mimi na watoto."

"Nitalimaliza mwenyewe nikija, dada."

"Unakuja lini?"

"Nakaribia."

Akakata, au mtandao ulikatika. Kwa Disemba huwezi kujua.

Mke wangu akarudi kwenye viazi. "Kwa hiyo amebaki mama."

"Amebaki mama," nikasema. "Utamwambia lini?"

"Mimi? Wewe ndiye umesaini."

"Wewe ndiye umemzaa... yaani, yeye ndiye amekuzaa wewe. Mtoto anamwambia mama yake chochote."

"Chochote isipokuwa hiki. Nikisema mimi, nitakuwa ndiye dada aliyemfukuza kaka yake nyumbani. Wewe ni mkwe. Ukichukiwa, utakuwa umerudi tu pale ulipokuwa."

Mwanamke huyu akiamua kusema kweli haweki sukari.

Nikaenda Jumatano. Nilichagua vibaya, maana nilimkuta ameinama juu ya kile kitanda, anavuta shuka. Nikabaki mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika upande huo."

Nikashika. Tukavuta pamoja, yeye kichwani, mimi miguuni. Nimetandika vitambaa juu ya makochi maisha yangu yote, lakini shuka hilo lilinishinda. Kila nikinyoosha linajikunja. Akaja upande wangu, akalinyoosha kwa pigo moja la kiganja.

"Mikono yako leo ina nini?"

"Mama, nina maneno."

"Nimeona. Ungekuwa na zawadi ungeingia kwa kelele."

Tukakaa sebuleni. Nikaanza mbali. Nikazungumzia ofisi, foleni, viti vilivyofungwa kwa bomba. Nikazungumzia yule binti na adabu yake.

"Fundi," akasema, "unashona sana kabla ya kukata. Sema."

Nikasema. Niliyasema nikitazama sakafu, na nilipomaliza sikuinua kichwa.

"Kwa hiyo mnataka niandike mwanangu si wa hapa."

"Ni kwa ajili ya kodi tu, mama."

"Kodi tu. Na akifa huko utakuja kuniambia ni kwa ajili ya mazishi tu?"

"Mama, sijasema hivyo."

"Mwaka gani uliniona nimelala kabla sijafunga mlango wa chumba chake? Mwaka gani?"

"Hakuna."

"Basi anaishi hapa."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta neno. Nikasema kilichobaki.

"Karakana nimeuza, mama. Kiwanja nimeuza. Wakiifungia ile nyumba, binti yako na wajukuu wako watatu sina pa kuwapeleka. Nitawaleta hapa."

"Vyumba ni viwili."

"Ndiyo. Ni viwili."

Akaelewa nilichosema, na mimi nikaelewa nilichosema, na nikaona aibu. Sikukusudia kumtisha. Nilikuwa nahesabu milango tu.

Kisha akasema, "Nilimwambia binti yangu aolewe na mwalimu. Mwalimu angesoma karatasi kabla ya kusaini."

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Wakili alinieleza mbele yako. Nilielewa kila neno. Nilijua ni uongo na nilijua utakuwa mzigo wangu."

"Sasa kwa nini ulisaini?"

"Ulikuwa unanitazama."

Aliokota uzi kwenye gauni lake, akauzungusha kidoleni, akaufungua, akauzungusha tena.

"Ijumaa saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Usichelewe. Mimi sipendi kusubiri watu wa ofisi wakiwa wameshachoka."

Ijumaa nilimkuta amekwisha kukaa kwenye kiti nje ya mlango wake, mkoba mapajani, viatu vya kufunga. Njia nzima alitazama nje ya dirisha. Mimi nilizungumza kwa ajili yetu wawili, kuhusu mvua, kuhusu bei ya vitambaa, mpaka dereva akatuangalia kwenye kioo chake kwa huruma.

Binti wa miwani akasimama alipomwona. "Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba."

Faili lilikuwa tayari. Juu yake karatasi mpya, imepigwa chapa, na nafasi tupu za kujaza.

"Mama, nitakuuliza, utanijibu, nitaandika, kisha nitakusomea. Sawa?"

"Andika unachotaka, nitasaini."

"Hapana, mama. Lazima useme mwenyewe."

"Sema nini? Si mmeshajua?"

"Mwanao anaishi wapi?"

Mama mkwe akatazama kaunta. Mtu aliyekuwa dirisha la pili alikuwa anabishana kuhusu risiti, akageuka kututazama. 

Nikaanza kuinuka. Nilitaka kumwambia binti afunge faili alipeleke ghorofani, na litakalokuwa liwe. Naapa nilitaka hivyo. Lakini nyumba ilikuwa nyumba, na nikajikuta nimekaa tena.

"Haishi kwangu," mama mkwe akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Miaka kumi na tisa. Aliondoka Jumapili. Alisema ni mwezi mmoja, hakuchukua hata koti. Nilimwambia chukua koti, akasema mama, mwezi mmoja. Hilo nalo utaandika?"

"Si lazima, mama."

"Andika. Ukiandika mwanangu haishi kwangu, andika na koti."

Binti wa miwani akaandika. Niliiona kalamu yake. Aliliandika koti.

Akamsomea. Mama mkwe akasikiliza akiwa amefumba macho, akachukua kalamu, akasaini polepole, kila herufi na kituo chake. Kisha akanisukumia karatasi bila kunitazama. Nikapindisha msumari wangu mara ya pili.

"Imebaki muhuri," binti akasema. "Uko kwa bosi, chumba cha jirani. Nikiugonga, tamko la kwanza linakufa, hili ndilo linaishi, na leo hii nawaandikia ardhi waendelee na hati. Dakika moja."

Akatoka. Karatasi ikabaki kwenye kaunta kati yetu. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nilitaka kumwambia mama mkwe asante, lakini asante ya jambo kama lile unaianzia wapi?

Simu ikatetemeka mfukoni. Mke wangu.

"Uko wapi?"

"Ofisini. Tumesaini. Muhuri tu."

"Mama yupo karibu yako?"

"Yupo."

"Basi usitaje jina la mtu. Sikiliza tu. Kaka amekuja."

Nikaibana simu sikioni. "Amekuja wapi?"

"Hapa. Teksi imemshusha getini sasa hivi. Masanduku sita. Mke wake yuko nyuma yake na watoto wawili wasiojua kusalimia. Kibali cha kuishi kule kimeisha, wamerudishwa wote."

"Wamerudishwa."

"Hakubisha hodi. Ametoa ufunguo wake mfukoni, kafungua mlango, kaingia. Kitasa si hukubadilisha?"

Kitasa sikubadilisha. Nilipaka rangi.

"Sasa?" nikasema, maana neno jingine halikuja.

"Sasa amesimama sebuleni anauliza haya makochi ya nani, yatolewe, anataka kushusha vitu vyake. Nikamwambia kaka, nyumba ulituuzia. Anasema pesa tuliyompa ilikuwa ya kuanzia, mengine tutazungumza. Anasema kama ni yetu tumwonyeshe hati. Baba watoto, hati ina jina lake."

Nilisikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni huko kwangu. Najua sauti ya kochi likiburutwa. Lile lilikuwa la watu watatu.

"Usimwambie mama kwanza," mke wangu akasema kwa haraka. "Akisikia amerudi, hatakubali hiyo karatasi. Ataichana. Muhuri ukigongwa jina linabadilika, na kaka akitoa ubishi tutakuwa na pa kusimama. Umenisikia? Usimwambie."

Simu ikakatika.

Nikaishusha taratibu. Karatasi ilikuwa pale pale, wino wa mama mkwe haujakauka vizuri. Nikinyamaza dakika moja tu, nyumba yangu imepona. Na mama huyu atakuwa ametoka hapa akiwa amemtoa mwanae kwao kwa mkono wake, siku ile ile, saa ile ile aliyorudi. Akija kujua kwamba nilijua, hataniita fundi tena. Hataniita kitu.

Nikisema, atainuka akimbie kumlaki, na faili litapanda ghorofani bila sisi.

Mlango wa chumba cha jirani ukafunguka. Binti wa miwani akaingia na muhuri mkononi, akauhemea ili ulainike, akavuta karatasi.

"Haya. Kabla sijagonga, nawauliza wote wawili, ni utaratibu tu. Hakuna kilichobadilika?"

Mama mkwe alikuwa amenigeukia mimi, ananitazama usoni, jicho lile lile la siku ile ya sebuleni.

"Alikuwa nani huyo kwenye simu?" akauliza. Na baada ya kitambo, kwa sauti ya chini, "Mbona umebadilika hivyo, mwanangu?"